Bt ya kupulizia, mahindi ya Bt, spinosadi au emamektini: ipi kwa kiwavijeshi, na ipi bado itaua msimu wa tano?

Ukiingia duka la pembejeo ukasema mahindi yako yameingiwa na kiwavijeshi vamizi, muuzaji atakushushia chupa ya emamektini kabla hujamaliza kueleza. Kwenye rafu hiyohiyo, pembeni, pengine imeshika vumbi, ipo pakiti ya Bt. Mara chache utakuta na spinosadi, bei yake imepanda kidogo. Wakulima wengi hawajaambiwa kwamba zote tatu asili yake ni bakteria wa udongoni. Ya nne katika ulinganisho huu ni mahindi ya Bt, mbegu iliyopandikizwa kinasaba cha bakteria yuleyule wa kwenye pakiti. Hapa Tanzania haiuzwi, ila swali lake huulizwa kila wakulima wanapokutana, kwa hiyo siwezi kuiruka.

Nalima mahindi na kabichi mkoani Morogoro, na zile tatu za kupulizia nimezitumia kwa mikono yangu. Naandika kwa ajili ya mtu anayetakiwa kuchagua wiki hii. Hata hivyo nitakaa sana kwenye usugu, maana dawa zote nne ziliua vizuri msimu wa kwanza zilipoingia sokoni. Tofauti zao hasa hujitokeza msimu wa tano.

Zinavyoua

Bt ni kifupi cha Bacillus thuringiensis. Mwaka 1901 mtafiti wa Kijapani, Shigetane Ishiwata, alimkuta bakteria huyu kwenye viwavi wa hariri waliokuwa wakifa ghafla. Miaka kumi baadaye, 1911, Mjerumani Ernst Berliner akamkuta kwenye viwavi wa nondo wa unga huko Thuringia, na jina likatoka hapo. Ilipofika 1938 Wafaransa walikuwa wanauza dawa ya kwanza iliyotokana naye, Sporeine.

Bakteria huyu chakula kikimwishia hujifungia ndani ya spora, na pembeni ya spora hutengeneza fuwele ya protini. Fuwele hiyo ndiyo mali yote. Ikiwa imekaa juu ya jani haimdhuru mtu wala mdudu. Kiwavi akiila, inafika kwenye utumbo wa kati, ambao maji yake ni makali kama ya magadi, na ndani ya magadi hayo inayeyuka. Vimeng'enya vya kiwavi mwenyewe vinaikata protini ile ndefu mpaka kinabaki kipande kifupi, na kipande hicho ndicho sumu. Tumbo la binadamu lina asidi, kama maji ya ndimu. Humo protini ya Bt inameng'enywa kama protini ya maharage, na ukuta wa utumbo wetu hauna pa kuipokea.

Hapo kwenye kupokea ndipo pa kushika, kwa sababu usugu wote tutakaouzungumza chini unaanzia hapo. Fikiria jahazi linaloingia bandarini. Haliwezi kushusha shehena mpaka lifunge kamba kwenye nguzo ya gati. Sumu ya Bt nayo inahitaji nguzo kwenye ukuta wa utumbo wa kiwavi, yaani vipokezi. Ikishafunga kamba, molekuli kadhaa zinajikusanya na kutoboa ukuta wa seli. Maji yanaingia, seli zinavimba, zinapasuka. Ndani ya saa chache kiwavi anaacha kula. Bakteria waliokuwa tumboni wanapenya hadi kwenye damu, naye anakufa baada ya siku mbili hadi tano.

Pengo hilo kati ya kuacha kula na kufa limeiharibia Bt jina kuliko kitu kingine. Mkulima anapulizia jioni, asubuhi anamkuta kiwavi hai, anasema ameuziwa dawa feki na kurudi kwenye chupa. Anachotakiwa kuangalia ni kinyesi. Kama kwenye moyo wa mhindi hakuna kinyesi kipya chenye unyevu, kilichobaki ni kile kikavu kama vumbi la mbao, basi mdudu yule ameshaacha kula hata kama bado anajinyonganyonga.

Jambo la pili linalowaponza watu ni jina la tatu kwenye lebo, lile linalofuata Bacillus thuringiensis. Bt ni ukoo, na kila tawi lina fuwele zake. Kurstaki huua viwavi wengi wa kabichi na wa nyanya. Tenebrionis ni ya mbawakavu. Israelensis, iliyogunduliwa 1976 katika jangwa la Negev, huua viluilui vya mbu, nayo ni mojawapo ya bakteria wanaotumika kwenye dawa ya viluilui inayotengenezwa Kibaha, mkoani Pwani. Ukiipulizia hiyo kwenye mahindi umemwagilia tu. Kwa kiwavijeshi tawi la kutafuta ni aizawai, kwa sababu lina fuwele za aina ya Cry1C na Cry1D (Cry ni jina la protini za fuwele hizo, na kila aina ina namba yake), wakati jamii yake yote ni wagumu kwa zile za Cry1A zilizojaa kwenye kurstaki. Nimewahi kuuziwa kurstaki kwa ajili ya mahindi, nikapoteza eka nzima ya mazao ya mwanzo wa msimu. Tangu siku hiyo sinunui bila kusoma maandishi madogo.

Mahindi ya Bt hufanya kazi kwa sumu hizohizo, ila zinatengenezwa na mmea wenyewe, kwenye majani na kwenye bua, usiku na mchana. Hapo yana faida ambayo bomba la mgongoni haliwezi kuifikia. Bungua wa mabua akishaingia ndani ya bua, hakuna tone la dawa litakalomfikia, lakini ndani ya mhindi wa Bt kila anachotafuna kina sumu. Mbegu hizi zilianza kuuzwa Marekani 1996 na Afrika Kusini 1998.

Spinosadi na emamektini ni habari nyingine. Hizi hazitoboi utumbo, zinashika neva. Spinosadi hutoka kwa bakteria Saccharopolyspora spinosa, aliyepatikana kwenye udongo uliochukuliwa 1982 katika kiwanda cha pombe kilichoachwa, kisiwani Karibi. Emamektini hutengenezwa kwa kubadilisha kidogo kemikali iitwayo avamektini, inayotolewa na bakteria Streptomyces avermitilis. Huyu alipatikana na Satoshi Ōmura kwenye udongo wa karibu na uwanja wa gofu nchini Japani, na Ōmura pamoja na William Campbell walipewa Tuzo ya Nobel ya 2015 kwa kazi iliyotokana naye. Ndugu wa karibu wa emamektini ni ivamektini, kidonge kilekile ambacho watu wa Pwani na kusini wamemeza kwenye kampeni za matende na mabusha. Nalitaja hili kwa sababu nikimwambia mtu emamektini ina asili ya bakteria, mara nyingi anajibu, "Basi haina madhara." Ina madhara. Kuwa na asili ya bakteria hakuifanyi dawa ya neva kuwa sawa na Bt. Vaa glavu, funika pua na mdomo, na usipulizie nyuki wakiwa kazini.

Zikisimama bega kwa bega

| | Bt ya kupulizia | Mahindi ya Bt | Spinosadi | Emamektini |
|---|---|---|---|---|
| Inapoua | utumbo, lazima iliwe | utumbo, lazima iliwe | neva, kwa kuliwa na kuguswa | neva, zaidi kwa kuliwa |
| Kasi | anaacha kula ndani ya saa chache, anakufa siku 2–5 | vivyo hivyo, tangu anapoanguliwa | siku 1–2 | anapooza mapema, anakufa siku 2–4 |
| Kiwavi anayefaa | mchanga tu | mchanga | mchanga hadi wa kati | mchanga hadi wa kati |
| Inadumu | siku chache, jua huivunja | msimu mzima | siku kadhaa | siku kadhaa, hupenya ndani ya jani |
| Nyuki na wadudu rafiki | kwa kawaida salama, ila aizawai isiwapate nyuki moja kwa moja | salama | hatari ikiwa haijakauka | hatari |
| Kundi la usugu | 11A | sumu zilezile za 11A | 5 | 6 |

Mstari wa mwisho ndio ambao duka halikuelezi. Namba hizo huchapishwa kwenye lebo nyingi, na maana yake ni mahali dawa inapompiga mdudu. Chupa mbili zenye namba moja ni dawa moja, hata kama moja ina picha ya simba na nyingine ya radi. Jirani yangu mmoja alinionyesha kwa fahari makopo matatu tofauti aliyokuwa anabadilisha kila wiki ili viwavi wasizoee. Tulipogeuza lebo, yote matatu yalikuwa emamektini. Alikuwa amepulizia kitu kimoja mara tisa mfululizo, na ile kazi yake yote ya kuzungusha ilikuwa ya majina tu.

Usugu unavyoingia

Wengi wanadhani mdudu huizoea dawa, kama mtu anavyozoea pilipili. Sivyo ilivyo. Kiwavi mmoja mmoja hajifunzi chochote. Katika kundi kubwa tayari wamo wachache waliozaliwa na nguzo ya gati yenye umbo tofauti kidogo. Jahazi la sumu linafika, halipati pa kufunga kamba, linapita. Unapopulizia unawaondoa wengine wote na kuwaachia wale wachache shamba na wenza.

Kwa muda mrefu iliaminika kwamba kwa Bt jambo hili haliwezi kutokea, kwa kuwa bakteria na wadudu wameishi pamoja tangu zamani. Mwaka 1985 mtafiti McGaughey wa Marekani alionyesha kwamba nondo wa nafaka wa maghalani wanaweza kuwa sugu kwa Bt ndani ya vizazi vichache. Mwaka 1990 Bruce Tabashnik na wenzake wakatoa taarifa ya usugu mashambani huko Hawaii. Mdudu mwenyewe ni yule yule anayetusumbua sisi wa kabichi, kile kinondo kidogo chenye alama za almasi mgongoni, ambacho kiwavi chake hutoboa jani na kuacha kidirisha cheupe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika visiwa hivyohivyo, mdudu huyohuyo akawa sugu kwa spinosadi pia. Anayelima kabichi mfululizo mwaka mzima na kupulizia dawa moja asione Hawaii ni mbali.

Kiwavijeshi naye alishafanya hivyo kwao, Amerika, kabla hajaonekana Afrika Magharibi 2016 na kutufikia huku 2017. Puerto Rico, 2006, mahindi yenye sumu ya Cry1F yalianza kuliwa na mbegu ikaondolewa sokoni. Watafiti walipochunguza vinasaba walikuta nguzo iitwayo ABCC2 imeharibika. Brazil mahindi ya aina hiyo yalishindwa baada ya kama miaka mitatu tu. Nguzo kubadilika ndiyo njia kuu, ingawa wapo wadudu wanaopungukiwa na vimeng'enya vya kuikata ile protini ndefu, hivyo sumu haizaliwi kabisa.

Sasa hesabu kidogo, kwa mfano wa kubuni. Kila mdudu ana nakala mbili za kila kinasaba, moja ya baba na moja ya mama. Tuseme nakala ya usugu inapatikana mara 1 katika kila nakala 1,000. Mdudu mwenye nakala mbili za usugu atakuwa 1 katika 1,000,000. Mwenye nakala moja atakuwa kama 2 katika 1,000, yaani karibu 2,000 katika hao milioni. Dozi ikiwa kali kiasi cha kuwaua hata wenye nakala moja, anabaki mdudu mmoja. Dozi ikiwa hafifu, wanabaki elfu mbili. Tofauti ya kizazi kimoja ni mara elfu mbili, na kiwavijeshi katika joto letu humaliza kizazi kwa takriban mwezi.

Kwa sababu hiyo mahindi ya Bt yanategemea vitu viwili vinavyokwenda pamoja: dozi kali ndani ya mmea na kimbilio pembeni. Kimbilio ni kipande cha mahindi ya kawaida ambapo viwavi wanaachwa waishi. Yule nondo sugu mmoja akitoka kwenye Bt anakutana na mamia ya nondo wa kawaida waliotoka kimbilioni, anapandana nao, na watoto wao wanabeba nakala moja tu. Hao dozi kali inawamaliza. Ukiondoa kimoja, kingine hakifai kitu.

Afrika Kusini wanajua. Sharti lilikuwa 20% ya eneo iwe mahindi ya kawaida yanayopuliziwa dawa, au 5% yasiyopuliziwa. Wengi hawakulifuata. Katika eneo la Christiana, bungua wa mabua, Busseola fusca, walionekana wakiishi vizuri ndani ya mahindi ya Cry1Ab, na taarifa ikatolewa 2007, miaka tisa tangu mbegu ile iingie. Baadaye watafiti waligundua kitu kilichokuwa kibaya zaidi: kwa bungua huyu, nakala moja ya usugu inatosha kumwokoa. Hesabu yangu ya juu ilidhani inahitaji mbili. Kwa hiyo hata wakulima wangefuata sharti kwa uaminifu, ukuta ule ulikuwa na ufa tangu mwanzo. Mbegu mpya zenye sumu mbili ndizo zilizookoa hali.

India pamba ya Bt ilipata yake. Viwavi wa pinki wa vitumba, Gujarat, walithibitishwa kuwa sugu kwa Cry1Ac kufikia 2010, na sumu ya pili ilipoongezwa nayo ikashindwa baada ya miaka michache. Mfuko wa mbegu ulikuja na kipakiti cha mbegu za kimbilio, na wengi walikitupa. Siwalaumu. Mwambie mtu mwenye nusu eka aache sehemu ya tano iliwe, na uone atakavyokutazama.

China imenipa matumaini, na ilitokea karibu kwa bahati. Katika bonde la Mto Yangtze wakulima walianza kupanda mbegu za kizazi cha pili cha machotara, zilizotoka kwa mseto wa pamba ya Bt na ya kawaida. Katika kizazi hicho mche mmoja kati ya minne hauna Bt, na miche hiyo inatawanyika shambani kote bila mtu kupanga. Utafiti uliochapishwa 2017 ulionyesha kwamba usugu uliokuwa umeanza kupanda ulirudi chini. Kimbilio lililochanganywa ndani ya mfuko ni jambo ambalo mkulima mdogo anaweza kuishi nalo, kwa kuwa haliombi utii wake kila msimu. Lina kasoro yake kwa kiwavijeshi, ambaye hutambaa toka mche hadi mche na kuonja sumu kidogo bila kufa, na kuonja kidogo ndiyo ile dozi hafifu. Hata hivyo nalipenda kuliko sharti la karatasi.

Na Bt ya kupulizia? Kwa miaka yote iliyotumika, kesi za usugu mashambani ni chache mno zikilinganishwa na za mimea ya Bt, na kinara wake ni yule yule wa kabichi. Sababu nazijua mbili. Pakiti moja ya dawa huwa na fuwele za aina kadhaa kwa pamoja, wakati mbegu za kwanza zilibeba moja. Na jua huivunja dawa ndani ya siku chache, kisha viwavi wa kawaida wanarudi kuzaliana. Kile tunachokilalamikia, kwamba haidumu, ndicho kimeilinda.

Kwa hiyo uchague nini

Inategemea kwanza umemkuta kiwavi akiwa na umri gani. Tembea shambani mara mbili kwa wiki tangu mahindi yatoe majani mawili matatu, ukipita kwa mshazari, na uhesabu mimea yenye vidirisha vipya vyeupe. Mwongozo wa kawaida kwa mahindi machanga ni kuchukua hatua ikifika kama mimea 20 kati ya 100. Kiwavi akiwa mdogo kuliko punje ya mchele, Bt ya aizawai inatosha, na mimi ndiyo ninayoanza nayo. Pulizia jioni jua likizama, pua ya bomba ikielekea ndani ya moyo wa mmea. Maji yakiwa ya magadi, kama yalivyo maeneo mengi ya Dodoma na Arusha, tafuta ya mvua, kwa kuwa fuwele itayeyukia kwenye bomba badala ya tumboni. Mchanganyiko usilale. Pakiti iliyofunguliwa ikae mahali pakavu na penye ubaridi, wala si juu ya bati la banda.

Kiwavi akishakuwa mkubwa, kichwani ana ile Y iliyopinduliwa na nyuma ana madoa manne, Bt itakuangusha. Akiwa wa kati, emamektini au spinosadi bado zinamuweza. Akiwa mkubwa kabisa na amejiziba kwa kinyesi chake kwenye moyo wa mhindi, hifadhi pesa yako. Ameshakula sehemu kubwa ya atakachokula, na karibuni atashuka ardhini kugeuka buu. Waokote kwa mkono kama shamba ni dogo.

Kati ya spinosadi na emamektini, mimi nachukua emamektini kwa mahindi kwa sababu inapenya ndani ya jani na bei yake inabebeka, na spinosadi naiweka kwa kabichi na nyanya. Kwenye nyanya, kantangaze anayetoboa jani kwa ndani anafikiwa vyema na dawa yoyote inayopenya, hivyo hapo watu wataniambia emamektini ni bora, na kwa msimu mmoja wana haki. Lakini ukiitumia emamektini kwenye nyanya, kabichi na mahindi yanayopakana, mwaka mzima, unamfundisha kila mdudu wa shamba lako somo moja. Siku chache kabla ya kuvuna mboga nabaki na Bt peke yake, ambayo haina mabaki ya kuogopesha mlaji.

Kuzungusha kuendane na vizazi vya mdudu, si na idadi ya mabomba. Gawa msimu kwa vipindi vya siku 30. Ndani ya kipindi kimoja tumia kundi moja, hata kama utapulizia mara mbili au tatu. Kipindi kinachofuata hamia namba nyingine. Watoto wa walionusurika kundi la 6 wakutane na la 5 au la 11A. Ukichanganya makundi yote ndani ya wiki moja unawapiga ndugu walewale kwa kila ulichonacho, na mwezi ujao huna kipya. Hili lingefanya kazi mara mbili zaidi kama majirani wa bonde moja wangekubaliana kalenda, maana nondo wa kiwavijeshi anaweza kuruka kama kilomita 100 kwa usiku mmoja na hajui mpaka wa shamba lako.

Kuhusu mahindi ya Bt, msimamo wangu ni huu. Kenya iliondoa Oktoba 2022 zuio lake la 2012, kisha suala likaingia mahakamani. Nigeria iliidhinisha 2021. Kwetu majaribio ya Makutupora, Dodoma, yaliamriwa kusimama 2018. Yakija kuruhusiwa, sitaanza kwa kuuliza kama ni salama kula. Nitauliza yana sumu ngapi, na zinafunga kamba kwenye nguzo ngapi. Mahindi yaliyojaribiwa Kenya na Uganda chini ya TELA, mradi wa mbegu za mahindi, yalibeba Cry1Ab peke yake kwa ajili ya wadudu. Kwa baadhi ya bungua ni kali. Kwa kiwavijeshi ni hafifu, yaani ile dozi inayoacha elfu mbili badala ya mmoja. Mbegu yenye sumu mbili ambapo mojawapo ni Vip3A, inayotolewa na bakteria wakati bado anakua na yenye nguzo yake tofauti kabisa na za Cry, ningeipanda, nikiwa na kimbilio. Yenye Cry1Ab tupu nisingeipanda kama tatizo langu ni kiwavijeshi, hata kama ningepewa bure.

Na usiache njia zisizo na sumu zikae nje ya hesabu. Wakulima wa Mbita, Kenya, na wengine wengi wanapanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, katikati ya mahindi na majani ya malisho pembezoni, njia iliyokuzwa na icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu. Shamba la namna hiyo linahitaji dawa mara chache, na kila mara usiyopulizia ni mara ambayo hukuchagua wadudu sugu.

Ukipulizia na bado wanaishi

Kabla ya kusema usugu, ondoa mambo mengine: dozi, tarehe ya kuisha, mvua ndani ya saa chache, viwavi wakubwa, jina la tatu kwenye lebo. Vyote vikiwa sawa, jaribu hivi. Kusanya viwavi wachanga 20. Chovya vipande vya jani kwenye dawa iliyochanganywa kwa dozi ya lebo, viache vikauke kivulini, na weka kiwavi mmoja mmoja kwenye chupa zilizotobolewa vifuniko. Usiwaweke pamoja, wanakulana. Andaa chupa nyingine 10 zenye viwavi na jani lililochovywa kwenye maji matupu. Kwa Bt subiri siku nne, kwa zile mbili nyingine siku tatu. Wa maji wakiwa hai na wa dawa wakafa karibu wote, dawa ni nzima na kosa lilikuwa kwenye upuliziaji. Wa dawa wakiendelea kutafuna na kuacha kinyesi kibichi, acha kundi hilo msimu mzima, usiongeze dozi, na mpelekee afisa ugani chupa zenyewe pamoja na kopo la dawa na risiti, viwavi wakiwa bado hai.